Tulivyokabiliana na Sumu ya Risasi Nyumbani Kwetu Malindi

Kaka yangu ni mvuvi wa mtaa wa Shela, hapa Malindi, na kama wavuvi kadhaa wa nyavu huyeyusha risasi, yaani lile madini laini na zito lililomo ndani ya betri kuukuu za magari, ili atengeneze chubwi (vizito vya kuzamisha nyavu) zake mwenyewe na za wenzake wanaomwagiza. Kwa muda mrefu aliumwa na tumbo la msokoto, akifunga choo, akilalamikia kichwa na uchovu usiokwisha hata akilala mchana kutwa. Zahanati moja ilimpa dawa za vidonda vya tumbo, nyingine ikampa za minyoo, na damu yake ilipoonekana kupungua akaongezewa vidonge vya madini ya chuma. Kila alipoulizwa kazi yake alijibu kwamba ni mvuvi, na maswali yakaishia hapo, kwa kuwa hakuna anayetarajia mvuvi awe na sumu ya viwandani mwilini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza, nikaanza kuandika katika daftari siku anazoumwa, alichokula na kazi aliyokuwa akiifanya. Jambo lililojitokeza halikuwa la chakula. Maumivu yalizidi msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vikakaa pwani, nao ndio wakati anaoshinda uani akiyeyusha risasi na kutengeneza zana. Kaskazi ilipoingia na akarudi baharini, alipata nafuu. Jamaa walisema ni baridi ya kusi inayomwingia tumboni. Nililipeleka daftari lile kwa daktari pamoja na maelezo ya kazi yake hatua kwa hatua: jinsi anavyovunja betri, anavyokoroga, anavyokwangua taka za juu na kumimina.

Daktari yule aliuliza maswali ambayo hatukuwahi kuulizwa. Jiko liko umbali gani na chumba cha kulala? Sufuria ile hutumika kwa jambo jingine? Hula au huvuta sigara akiwa kazini? Nguo zake hufuliwa na nani, na pamoja na za nani? Kuna watoto wadogo au mama mjamzito? Alitueleza habari za Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi kwa risasi mpaka mahakama, mwaka 2020, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwetu hapakuwa na kiwanda, lakini moshi na vumbi ni vilevile, na katika ua mdogo anayevipumua si mfanyakazi peke yake.

Damu ilitolewa kwenye mshipa wa mkono baada ya ngozi kusafishwa vizuri, kwa sababu tone la kidoleni, hasa kidole kilichoshika risasi, linaweza kuchanganyika na vumbi la nje na kutoa jibu la juu lisilo la kweli. Majibu ya kaka yalikuwa mikrogramu 41 kwa desilita, na ya mwanawe wa miaka minne, 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kuwa kuanzia mikrogramu 5 chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Namba ya mtoto ndiyo iliyoniumiza zaidi, ingawa ni ndogo kuliko ya baba yake, kwa sababu mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko mtu mzima na ubongo wake ungali unajengeka.

Tulitarajia dawa ya kuitoa sumu. Daktari alieleza kwamba dawa za kuvuta risasi mwilini zipo, lakini kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini hupendekezwa kuanzia mikrogramu 45, zina madhara yake, na hazimfai mtu anayerudi kila siku penye sumu. Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Nilimuuliza kuhusu maziwa, kwa kuwa mafundi wengi huamini glasi ya maziwa huosha sumu. Akasema kalisi, madini ya chuma na vitamini C husaidia mwili usifyonze risasi nyingi, hasa kwa aliyepungukiwa, lakini maziwa hayaiondoi risasi iliyokwisha kuingia. Makaa ya dawa, yale yanayomezwa ili kunasa sumu tumboni, nayo hayaishiki risasi vizuri. Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wakitumia fedha zao za mwisho kununua vidonge vya “kusafisha damu” huku jiko la risasi likiwaka mlangoni.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi kaka. Alisema marehemu baba aliyeyusha risasi maisha yake yote na akafika uzeeni, na kwamba chubwi ndizo zinazolisha nyumba wakati wa kusi. Sikubishana naye juu ya baba. Nilimwomba daktari azungumze naye mbele ya wifi yangu, aliyekuwa mjamzito, naye akawaeleza kwamba risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Siku ile kaka aliacha. Sasa hufunga nyavu zake kwa mawe na vipande vya saruji anavyomimina mwenyewe, na wenzake wawili watatu wamekubali kuvinunua.

Risasi iliyobaki hatukuiuza, maana tungekuwa tumeihamishia sumu nyumba nyingine. Tuliifunga ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto, tukamwarifu afisa wa afya ya umma atuelekeze. Sufuria iliondolewa kabisa. Sakafu tulipiga deki kwa maji na sabuni bila kufagia, kwa kuwa ufagio mkavu hurusha vumbi, nguo za kazi zikafuliwa peke yake, na mtoto akawa ananawishwa mikono kwa sabuni kila kabla ya kula. Mchanga wa juu pale penye jiko uliloweshwa, ukazolewa na kuwekwa kando pamoja na ile ndoo.

Vipimo vilivyofuata vimeshuka kwa wote wawili, ingawa kwa kaka kasi imepungua, kwani risasi hupungua katika damu kwa wiki na miezi lakini hukaa mifupani kwa miaka mingi, ikirudi katika damu kidogo kidogo. Wifi anapewa kalisi na madini ya chuma, na karatasi ya majibu yake imebandikwa ndani ya kitabu cha kliniki ili mkunga aione, kwani daktari ameagiza mtoto naye apimwe akishazaliwa.