Tafiti Zilizobaki Kwenye Droo

Tangu mtakwimu Gene Glass alipoupa uchambuzi-meta, yaani mbinu ya kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu swali moja, jina lake mwaka 1976, wengi wamedhani kwamba kazi yenyewe ni kujumlisha namba, ilhali ugumu mkubwa uko katika kuamua ni tafiti zipi zinastahili kuwekwa pamoja. Jana nilitumia saa mbili kutafuta mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) ambao mwandishi wa utafiti mmoja hakuutaja, hadi nilipoukokotoa kutokana na tofauti ya wastani, thamani ya t (namba itokanayo na jaribio la kulinganisha wastani wa makundi mawili) na idadi ya washiriki wa kila kundi. Hilo lina dawa. Kinachonitia wasiwasi ni tafiti ambazo hazikuchapishwa kwa kuwa hazikuona tofauti yoyote, tatizo ambalo mwanasaikolojia Robert Rosenthal alilifananisha mwaka 1979 na droo ya mafaili ambamo tafiti hizo hubaki zimefungiwa. Zikikosekana, makadirio yetu hupanda pasipo haki, ndiyo maana huwaandikia watafiti mmoja mmoja kuwaomba tafiti hizo.