Leseni nimelipia, programu inakataa: nilivyoifungua

Kazi yangu ni usanifu wa kadi, vipeperushi na kalenda hapa Dar es Salaam, na programu ninayochorea ni ya leseni ninayoilipia kwa hela yangu. Naandika haya kwa ajili ya wasanifu wenzangu, hasa vijana wanaoanza, kwa sababu kuna tatizo linatupata wengi na kila mtu anahangaika nalo kivyake: umelipa, hela imekatwa, risiti imeingia kwenye barua pepe, halafu programu inakwambia huna leseni. Kampuni sitaitaja. Wenzangu wanaotumia programu za kampuni nyingine wamekutana na jambo hilohilo, na kwa wengi dawa ilikuwa ileile.

Najua wapo watakaosema, si utumie tu kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni, kama wengine? Sitaki, na sababu yangu si sheria peke yake. Yeyote aliyewahi kupeleka flashi kwa mchapaji akakuta folda zote zimegeuka shotikati anajua virusi vinatoka wapi. Kazi ya mteja ikipotea hivyo, huna pa kulalamika. Pia nauza ubunifu. Sioni nitamwombaje mtu aheshimu kazi yangu huku mimi natumia ya mwenzangu bila kumlipa.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Ulinunua sidii na namba yake, ukaingiza namba, ukachora mpaka kompyuta ife. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba matoleo yao mapya yatapatikana kwa kulipia kipindi kwa kipindi, na mwaka 2016 Autodesk, wenye AutoCAD, nao wakaacha kuuza leseni mpya za kudumu. Tangu hapo programu nyingi za kazi yetu zinataka kuwasiliana na seva ya mwenye mali kila baada ya muda, kuhakikisha bado unalipa. Kwa mtu ambaye umeme haukatiki na intaneti ipo usiku na mchana, hilo ni jambo dogo. Kwetu ni kitu cha kupangia ratiba.

Mwaka 2024 kompyuta yangu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Nikanunua nyingine ya mezani, mtumba, mashine nzuri iliyotoka nje na ikapitia kwa msanifu mmoja kabla ya kunifikia. Nikiwa katikati ya kuhamia kwenye mashine hiyo, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika huko kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Kupakua programu yenye ukubwa wa gigabaiti kadhaa likawa jambo la kuotea: unaacha usiku kucha, asubuhi unakuta imesimama, na ukibonyeza iendelee inaanza upya. Mezani nilikuwa na kadi za harusi, zile za mchango zimeshapita, sasa zinatakiwa za mwaliko.

Programu ilipokamilika kusakinishwa ikasema leseni yangu imejaa. Leseni yenyewe inaruhusu mashine mbili, na ile iliyoungua bado ilikuwa inahesabiwa. Hili lilikuwa rahisi. Unaingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, hata cha simu, unafungua orodha ya vifaa, unaiondoa mashine iliyokufa. Ukiuza kompyuta au ukimpa fundi aifute diski, iondoe kwanza kwenye orodha hiyo, maana diski ikibadilishwa programu inaweza kuiona kuwa ni mashine nyingine kabisa na ikahesabu nafasi mpya.

Baada ya hapo ikasema hakuna intaneti. Wakati huohuo kwenye mashine hiyohiyo video inacheza na barua pepe zinaingia. Nikawaandikia watoa huduma wa kampuni. Walinijibu kwa adabu, na jibu lao lilikuwa niiondoe programu yote, niipakue na kuisakinisha upya. Hapa niseme wazi kilichoniuma. Anayetoa ushauri huo anauona ni wa dakika chache. Kwangu ni bando zima, ni usiku mwingine wa kuomba umeme usikatike, na hakuna aliyeniuliza niko wapi au mtandao wangu ukoje. Kwenye ukurasa wao wa namba za simu, nchi yangu ipo, ila mbele yake hakuna namba. Mteja anayelipa kwa uaminifu anastahili kusaidiwa kwa kuangaliwa mazingira yake.

Mwenyekiti wa kamati naye akapiga. "Dada, kadi vipi? Wanakamati wananisumbua." Nikamwambia, "Kaka, nipe mpaka kesho jioni, utapata za kuangalia." Nilikuwa na PDF ya rasimu niliyomtumia kabla kompyuta haijaungua. Niliifungua kwa Inkscape, ambayo ni ya bure na haiulizi leseni, nikarekebisha majina na ukumbi, kisha nikapanga ukurasa wa mwisho kwa Scribus kwa sababu yenyewe inaelewa rangi nne za uchapaji, na Inkscape inafanya kazi kwa rangi za kioo. Ile dhahabu ya maua ilihitaji kuchanganywa upya isitoke kama haradali. Kadi zilitoka. Tangu siku hiyo kila kazi yangu ina PDF yake kwenye diski ya pembeni, maandishi yameshageuzwa kevu, yaani michoro isiyohitaji fonti, na nyingine yenye maandishi yanayoharirika.

Kazi ilipotoka ndipo nikapata utulivu wa kutafuta chanzo. Nilianza kwa kutenganisha. Nikaingia kwa akaunti yangu kwenye laptopu ya rafiki, programu ikafunguka mara moja. Kumbe akaunti haina tatizo. Nikaunganisha kompyuta yangu kwa hotspoti ya simu badala ya mtandao wa ofisi, ikakataa vilevile; basi mtandao nao hauna tatizo. Imebaki mashine. Utaratibu huu nawasihi muufuate kabla ya kufuta chochote, maana utakuokolea bando.

Nikamwita fundi wa jengo letu, kijana makini sana. Alipouliza mashine ilikuwa ya nani akatikisa kichwa na kwenda moja kwa moja kwenye faili moja dogo liitwalo hosts. Lipo ndani ya folda ya Windows, ukiingia System32, kisha drivers, kisha etc. Akalifungua kwa Notepad, akiianzisha kwa haki za msimamizi, la sivyo mabadiliko hayahifadhiki. Tukaona mistari mingi inayoanza na 127.0.0.1 na mbele yake anwani za seva za leseni. Hiyo namba maana yake ni kompyuta yenyewe. Aliyeweka kreki kwa mmiliki wa awali aliiamuru mashine kwamba ikitafuta seva ya leseni ijirudie yenyewe, isitoke nje. Kwa hiyo video inacheza, barua pepe zinaingia, na programu peke yake ndiyo inaona dunia imefungwa. Alifuta mistari ile, akahifadhi, akawasha upya.

Ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Nikaweka nenosiri, likakubaliwa, kisha ikaandika kwamba kipindi changu kimekwisha, niingie tena. Nikaingia tena, ikarudi palepale, na ikawa inazunguka hivyo bila mwisho.

Jibu la hili lilikuwa pembeni ya kioo muda wote. Saa ilisomeka 3:05 PM, sawasawa na simu yangu. Fundi akaibonyeza kuangalia mipangilio, akakuta ukanda wa saa ni wa Pasifiki, yaani saa za California. Mashine ilikuja na ukanda huo, na mtu fulani njiani aliisogeza mishale ili ilingane na ya Dar bila kubadilisha ukanda. Basi kompyuta iliamini ni saa tisa na dakika tano alasiri huko California, ambapo hapa kwetu ingekuwa saa saba na dakika tano usiku wa kuamkia kesho yake. Ilikuwa mbele ya ukweli kwa saa 10. Seva ikikuruhusu kuingia inakupa kibali cha muda mfupi chenye saa ya kuanza na ya kuisha. Mashine yangu ilipokea kibali, ikaangalia saa yake, ikaona kimeshaisha muda zamani. Nenosiri lilikuwa sahihi, malipo sahihi, saa ya kwenye kioo sahihi kwa macho, na bado mlango haufunguki.

Katika orodha ya kanda za saa ya Windows hutaiona Dar es Salaam. Chagua Nairobi, saa zetu ni moja. Kisha rekebisha saa, na uwashe ile sehemu ya kuifanya kompyuta ijisahihishe yenyewe kupitia intaneti. Kama ukizima umeme ukutani na ukiwasha unakuta tarehe imerudi nyuma miaka, hilo ni betri dogo la duara kwenye ubao mama, CR2032, la volti 3, limekufa, badilisha. Ofisi zinazozima swichi kubwa kila jioni hulimaliza mapema, na likiisha hata tovuti ya benki inaweza kukataa kufunguka kwa onyo la usalama.

Tulipobadilisha ukanda na kurekebisha saa, programu ilifunguka bila hata kuuliza nenosiri tena.

Kuhusu kusasisha, ushauri wangu ni kutokusasisha katikati ya kazi. Toleo jipya linahifadhi faili ambalo toleo la zamani la mchapaji linaweza lisilifungue, na wachapaji wetu wengi wanakaa na toleo moja kwa miaka kwa sababu linaelewana na mashine zao. Mimi naliacha toleo la zamani kwenye mashine pamoja na jipya mpaka kazi zote zilizoanza nalo zitoke, na kwa mchapaji napeleka PDF tu. Kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows, uweke mtandao wa simu kama wa kupimwa (metered). Windows itapunguza kupakua masasisho kwa siri, ila ndani ya programu yenyewe pia uzime kujisasisha.

Kwa kampuni zenyewe nina ombi, na nimewaandikia. Desemba 2012 Adobe walipozima seva za kuamilisha, yaani za kuiwezesha leseni ianze kutumika, za toleo lao la CS2, waliwawekea wenye leseni toleo lisilohitaji kuamilishwa. Kwa hiyo inawezekana. Watupe njia ya kuamilisha kwa faili: kompyuta ya kazi itoe ombi, ulipeleke kwa flashi mahali penye intaneti, urudi na jibu. Zipo programu zilizowahi kuwa na njia hiyo, na kwa nchi ambazo waya mmoja baharini ukikatika kila kitu kinasimama, ingeokoa kazi nyingi.

Tarehe yangu ya kulipia ilikuwa inaangukia Novemba, msimu wa kalenda wenyewe. Leseni ilipoisha niliiacha, nikachora kwa zana za bure kwa muda, nikajiunga upya mwezi Februari, wakati kazi ni chache na hata kama ingekataa ningekuwa na nafasi ya kuishughulikia. Fundi wetu naye, kila kompyuta ya mtumba inayoletwa kwake na msanifu, anafungua hosts na ukanda wa saa kwanza kabla hajagusa kitu kingine.