Shule iko juu, mashamba yako bondeni

Kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, katika shule ya msingi niliyosoma, pameandikwa kwa rangi ya bluu kwamba shule ilianzishwa mwaka 1970. Kijiji chenyewe kina hati yake ya usajili iliyotolewa chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Mtoto akisoma hayo mawili ataamini kwamba kabla ya hapo hatukuwapo. Nimetoka kumsalimu bibi wiki hii, na jambo hilo limenikaa kifuani njia nzima ya kurudi mjini.

Kwetu ni Rufiji, upande wa kaskazini wa mto, kwenye barabara ya vumbi itokayo Kibiti kwenda Mloka. Kijiji kiko juu, penye mchanga, miembe na mikorosho. Ukisimama shuleni mto huuoni. Hata hivyo sisi ni watu wa mtoni. Bibi alizaliwa bondeni, akaolewa bondeni, na watoto wake wa kwanza aliwazaa huko huko.

Maisha ya bonde yaliendeshwa na maji. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, kisha mto hupanda na kutapakaa mashambani, mara nyingi kati ya Machi na Mei. Maji yakishuka yanaacha tope jeusi, na katika tope hilo watu hupanda mlau: mahindi, kunde, maboga, bila kungoja mvua wala kutia mbolea. Shamba moja linalisha nyumba mara mbili kwa mwaka. Mabwawa yanayobaki yanajaa kambale na perege. Ndiyo maana bibi hajawahi kuyataja mafuriko kwa hofu. Anachokiogopa ni mwaka ambao mto haukupanda.

Nyumba ya bondeni ni dungu. Nguzo ndefu za miti, sakafu ya fito iliyoinuliwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima, ngazi ya kupandia, paa la nyasi. Jiko liko huko huko juu, limetandikwa udongo mzito ili moto usishike fito. Maji yakija, mtumbwi unafungwa kwenye nguzo na watu wanaendelea kupika. Usiku mlinzi analala kwa zamu, maana viboko wakiingia kwenye mpunga, kufika alfajiri hamna kitu. Nilipokuwa mdogo nililala humo msimu mzima nikiwa na babu, na mpaka leo nikisikia kiboko akikoroma mbali najua kabisa yuko upande gani wa maji.

Mwaka 1968 maji yalizidi kiasi. Mazao yalikwenda, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, ya kuwatoa watu bondeni na kuwapandisha juu kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Hiyo ilikuwa kabla ya Operesheni Vijiji iliyokuja kuitikisa nchi nzima miaka ya 1970. Hoja ya serikali naielewa: watu waliotawanyika kando ya mto, dungu hapa na dungu kule, huwezi kuwafikishia mwalimu wala mganga. Lakini waliohamishwa waliacha udongo uliokuwa ukiwalisha, wakapewa mchanga unaotaka mvua ambayo haina uhakika. Waliacha maji mlangoni, wakaanza kutafuta kisima. Nayasema yote mawili kwa sababu nimechoka kusikia upande mmoja tu, kila mtu na wake.

Ninavyoamini mimi, baada ya kuongea na wazee kadhaa, kilichowashikilia watu juu haikuwa amri. Ilikuwa shule. Wapo walioteremka tena bondeni mara tu shughuli za operesheni zilipotulia. Lakini wenye watoto waliosoma walibakiza kibanda juu. Baba na mama wakishuka kulima, bibi alibaki na wajukuu. Shule yenyewe waliijenga kwa mikono yao, miti na udongo na makuti, na madawati ya kwanza yalikuwa magogo. Ofisi za wilaya ziko Utete, ng'ambo ya pili, kwa hiyo hata mwalimu aliyefuata mshahara ilimbidi avuke mto.

Halafu likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977. Shule ikafurika. Watoto waliingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, wakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kupewa mafunzo ya ualimu huku wakifundisha. Watu huwadharau sana walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Mimi aliyenifundisha kusoma ni mmoja wao, na sitakubali adharauliwe mbele yangu.

Safari hii niliruhusiwa kupekua kabati la ofisini. Madaftari ya mahudhurio ya zamani bado yapo, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Ukiyafungua unauona mto waziwazi. Mwezi wa pili safu zimejaa alama za waliohudhuria. Mpunga ukianza kuzaa, safu zinatoboka, majina kwa majina, mpaka mavuno yaishe. Pembeni mwalimu mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu, "Yupo bondeni, anaamia ndege." Ameandika hivyo kwa mtoto mmoja, wa pili, wa tatu, mwishoni akachora mstari mrefu wa kuwaunganisha wote. Serikali iliuita utoro, na wazazi waliitwa ofisini. Kwangu, hao watoto walikuwa kazini, wakilinda chakula ambacho ndicho kingewarudisha darasani. Likizo zingefuata mto, wangesoma wengi zaidi. Sioni kwa nini ratiba ya Rufiji ifanane na ya Dodoma.

Kushuka huko kulikuwa na gharama yake. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji, na wapo walioshambuliwa wakiwa shambani wanalinda. Miaka ile njia ya shule watoto waliipita kwa makundi, mtu mzima akiwa mbele na panga.

Sasa mto wenyewe umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na maji yanayotufikia siku hizi yanapita kwanza kwenye milango ya binadamu. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, kata ya Muhoro ikaumia sana, na maneno ya kuwahamishia watu juu yakasikika tena. Bibi aliyasikia redioni akauliza, "Hao nao watajengewa shule?"

Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Ninachokililia ni kwamba ujuzi wa kuishi na mto ule umo vichwani mwa watu wachache, na hakuna darasa linaloufundisha. Wajukuu wa dada yangu wanaitaja mito ya Afrika yote kwa mpangilio, lakini hawajui mlau unapandwa lini.

Nimezungumza na mwalimu mkuu na amekubali. Likizo ya Juni wanafunzi wa darasa la sita watashuka bondeni na wazee, kila mtoto na babu au bibi yake, waandike jina la kila mahali palipokuwa na makazi, nani walikaa hapo, na maji ya 1968 yalifikia wapi. Mimi nanunua madaftari na nitakwenda nao. Mwenye ndugu aliyetoka upande huo, hata kama anaishi Mbagala au Temeke siku hizi, naomba amuulize majina hayo mapema, kisha aniandikie.