Ovadrafti iliyokwamisha mkopo Ngamiani: jinsi tulivyoisafisha

Mwenye duka la vipuri Ngamiani, Tanga, alinyimwa mkopo ingawa alisharejesha ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa pesa zaidi ya salio la akaunti. Ripoti ya taarifa za mikopo ilionyesha bado anadaiwa. Chanzo: alilipa deni kuu tu, riba ya siku za mwisho na makato ya mwezi vikaiacha akaunti kwenye hasi. Hasi hiyo ikipita siku 90 huweza kuhesabiwa mkopo chechefu (mkopo ambao marejesho yake yamekwama), hata ikiwa shilingi elfu chache. Wengi huumia bure hapo.

Tuliomba taarifa ya akaunti, tukalipa deni lote na riba hadi siku ileile, kisha tukaandika barua ya kufunga ovadrafti yenyewe, maana bila hiyo makato huendelea. Barua ya benki ya kumaliza deni tuliiambatisha kwenye malalamiko ya kurekebisha rekodi. Ripoti mpya isipoonyesha sifuri, usiombe mkopo kwanza.