Seramu Iliyozima Klathrini Kabla ya Wakati

Chupa zisizotiwa dawa ndizo zilizotushtua. Zile zilizotiwa tetrasaiklini tulijua zitakufa, na tulitaka zife. Tulikuwa katika maabara moja upande wa Kabete, tukichunguza jinsi Trypanosoma brucei, kimelea cha damu kinachoenezwa na mbung'o, inavyoingiza protini ndani ya seli yake. Kila jaribio lilikwenda na chupa mbili: moja ina tetrasaiklini maikrogramu 1 kwa mililita ili kuzima jeni ya klathrini, protini inayoiwezesha seli kumeza, nyingine haina, ya kulinganishia. Asubuhi hiyo zote mbili zilikuwa taabani. Chini ya hadubini, seli za chupa ya pili zilikuwa zimefura upande wa nyuma, kila moja na uwazi wa mviringo unaong'aa kuliko mwili uliobaki. Wanaoshughulika na kimelea hiki huliita umbo hilo jicho kubwa, na halitokei bure.

Kimelea hiki kina mlango mmoja tu. Chini ya utando wake zimepangwa mikrotubuli, vijibomba vya protini, zilizobanana hata hakuna kifuko kinachoweza kuchomoka wala kuungana na utando huo, ila mahali pamoja: mfuko ulioko pale flajela, mjeledi wa kuogelea, inapotokea, karibu na ncha ya nyuma. Mfuko wenyewe ni kama asilimia 5 ya eneo lote la utando, lakini kila protini inayotolewa nje na kila inayomezwa hupita hapo. Hata koti la kimelea. Koti hilo ni molekuli karibu milioni 10 za protini ya aina moja, VSG, na zote humezwa na kurudishwa juu kwa muda wa dakika 12 hivi. Kingamwili za ng'ombe zikishika koti, mwendo wa kuogelea mbele huzisukuma nyuma hadi mfukoni. Zinamezwa, zinavunjwavunjwa kwenye lisosomu, chumba cha seli cha kumeng'enyea, na VSG inarudi juu ikiwa safi. Hila hiyo hufaa kingamwili zikiwa bado chache. Zikishakuwa nyingi, vimelea vingi hufa, na vinavyopona ni vile vilivyokwisha kubadili koti. Paul Webster, akiwa ILRAD, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo hapa Nairobi, alichapisha mwaka 1989 umbo la vyumba hivyo vya ndani katika T. brucei na T. congolense kwa hadubini ya elektroni, na bado ni picha nzuri ya kumwonyesha mwanafunzi mgeni.

Klathrini ndiyo inayojenga kizimba kinachozunguka kifuko kinapochomoka mfukoni kwenda ndani. Seli za ng'ombe au za binadamu zina njia nyingine za kumeza. Tripanosoma ikinyimwa klathrini haimezi kabisa. Utokaji nao haukomi mara moja. Vifuko vinavyotoka ndani vinaendelea kuleta utando mfukoni, hakuna kinachourudisha, na mfuko unavimba. Basi tulipoona jicho kubwa kwenye chupa isiyo na dawa, maana yake ilikuwa moja: kuna kitu kinazima klathrini bila ruhusa yetu.

Kwanza tukaangalia mambo ya kawaida. Msongamano ukizidi seli milioni 2 kwa mililita, T. brucei ya damu hufa haraka, lakini hufa ikiwa imezubaa tu, haivimbi mfuko. Inkubeta ilikuwa kwenye nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Maji ya kukuzia yalikuwa HMI-9, mchanganyiko ambao Hirumi na Hirumi waliutangaza mwaka 1989 wakiwa ILRAD na ambao sasa unatumika katika maabara nyingi za tripanosoma. Siri yake kubwa ni sisteini milimola 1.5 pamoja na merkaptoethanoli milimola 0.2; hii ya pili ikichakaa, seli zote hupunguza mwendo, za aina yoyote ile. Zetu hazikupunguza mwendo zote. Seli mama, yaani zile ambazo hazikupandikizwa plasmidi (DNA ya kupachikwa) ya kuzima klathrini, ziliongezeka vizuri katika maji yale yale, yaliyotiwa seramu, yaani majimaji ya damu ya ng'ombe, kutoka chupa ile ile mpya iliyofunguliwa wiki hiyo. Wengi tukaiondolea seramu lawama hapo hapo, tukaanza kuishuku plasmidi.

Fundi wa maabara, mzee mmoja aliyewahi kufuga kabla ya kuajiriwa, hakukubali.

"Daktari, hii seramu imetoka kwa ng'ombe wanaodungwa nini?"

"Ni ya ndama aliye bado tumboni, mzee. Hajadungwa kitu."

"Kwetu ng'ombe akipata homa tu, anadungwa OTC kabla daktari hajafika. Mama akidungwa, wa tumboni hapati?"

Anapata. Oksitetrasaiklini, ndiyo hiyo OTC, ni ya jamii moja na tetrasaiklini; hupita kondo la nyuma, na ni mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa mifugo duniani. Hata chanjo ya ndigana kali tunayotumia Afrika Mashariki, ya kumwambukiza ng'ombe vimelea hai vya Theileria parva, huenda pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini kwa muda mrefu. Kupasha seramu moto kwa nyuzi 56 nusu saa, kama tulivyofanya, kunamaliza nguvu ya komplimenti tu, yaani protini za kinga zilizomo katika damu, dawa inabaki. Nayo haihitaji kuwa nyingi. Katika seli zetu kulikuwa na protini ya kizuizi iliyokalia DNA mbele ya kipande cha klathrini. Tetrasaiklini ikiishika, inaachia, RNA ya nyuzi mbili inatengenezwa, na ujumbe wa klathrini unaharibiwa. Nanogramu chache kwa mililita zinatosha kulilegeza kufuli hilo, hata seramu ikiwa ni asilimia 10 tu ya mchanganyiko. Seli mama hazikuwa na kipande hicho, na kwa dozi ndogo namna hiyo tetrasaiklini haizidhuru. Ndiyo sababu zilistawi.

Jaribio la kuthibitisha halikuwa na ufundi mkubwa. Seli mama na seli za klathrini, zile zenye plasmidi, kila aina katika seramu ya zamani na katika ile mpya, zote zikaanzia 100,000 kwa mililita. Tukaongeza chupa ya tano: seli za klathrini katika seramu ya zamani, na tone la tetrasaiklini iliyozimuliwa mno. Baada ya saa 24 tukahesabu kwa kioo cha kuhesabia seli. Zinazojigawa kila saa 6 au 7 hupita milioni 1 kwa muda huo, na chupa tatu zilipita. Zile mbili za klathrini, yaani ya seramu mpya na ya tone, zilikuwa na macho makubwa yanayofanana kabisa. Mzee alitazama hadubinini, akacheka, akarudi kuosha vyombo.

Kuhamisha seli zilizobaki kwenye seramu nzuri kungekuwa kujidanganya. Seli inayopona ndani ya dawa ya kuzima jeni muhimu mara nyingi imepona kwa sababu imepoteza uwezo wa kuizima. Ukiiendeleza, utapata kizazi cha seli zenye afya njema kisichofaa kwa lolote. Tulizimwaga zote, tukarudi kwenye akiba iliyogandishwa kwa gliseroli asilimia 10 ndani ya nitrojeni oevu. Tukaagiza pia seramu iliyothibitishwa kuwa haina tetrasaiklini. Bei yake inauma.

Baada ya hapo kazi tuliyokusudia ikawezekana: kufuata transferini, protini ya damu inayobeba chuma, kutoka mfukoni hadi lisosomu. Seli huoshwa na kuwekwa nusu saa kwenye maji yasiyo na seramu, kwa nyuzi 37, kwa sababu seramu imejaa transferini ya ng'ombe na vipokezi vyote huwa vimekaliwa. Kisha hutiwa transferini iliyofungwa rangi inayong'aa. Kwenye nyuzi 4 inashika mfukoni na kuishia hapo. Kwenye nyuzi 12 inaingia endosomu za mwanzo, vyumba vya kupokelea kilichomezwa, na kukwama. Kwenye nyuzi 37 inafika lisosomu, na huko inavunjwa, tofauti na seli zetu sisi ambazo huirudisha nje. Hivyo usipotia dawa ya kuzuia protease, vimeng'enya vinavyovunja protini, rangi hufifia ukidhani hakuna kilichoingia. Kosa la pili ni paraformaldehidi, dawa ya kuua seli na kuzihifadhi zilivyo, ikiwa na joto la chumba. Ukiimimina juu ya seli za nyuzi 4, zinapata joto kabla hazijakufa, na kilichokuwa mfukoni kinaponyoka kwenda ndani. Lazima iwe imekaa kwenye barafu mapema, pamoja na mirija na hata ncha za pipeti. Ukitia rangi ya DNA, nukta ndogo ya kinetoplasti, fungu la DNA ya mitokondria, inaonekana nyuma na kiini kikubwa mbele yake. Transferini utaitafuta katikati ya hivyo viwili.

Katika seli za klathrini zilizozimwa kwa saa zilizopangwa, rangi yote ilibaki ukutani mwa lile jicho, hata kwenye nyuzi 37. Njia hiyo hiyo ndiyo suramini, dawa ya surra ya ngamia, hupitia kuingia ndani ya kimelea, ikiwa imeshikwa na protini ya uso wa kimelea iitwayo ISG75. Kimelea kinachomeza polepole kinaipokea polepole.

Seramu iliyobaki haikutupwa. Mzee aliandika "ina OTC" kwa kalamu nyekundu kwenye kila chupa, ikatumika kukuzia seli mama na aina nyingine zisizo na kufuli la tetrasaiklini, mpaka ikaisha.