Siku moja maishani mwangu: napeleka mbwa na sungura darasani, Mwanza

Mtaani kwetu Igoma wengi wananiita dada wa mbwa, wengine wanadhani natumia wanyama kwa uganga, na kuna mama mmoja alishaniuliza kabisa kama sungura wangu mweupe ni wa tambiko. Naandika hii ili mjue kazi yenyewe ikoje. Nina stashahada ya afya ya wanyama, asubuhi naingia shule za msingi na wanyama wangu kuwafundisha watoto namna ya kuishi nao, jioni nazunguka kutibu mifugo ya watu maana huko ndiko kuna hela. Shule binafsi zinanilipa, za serikali mara nyingi napewa nauli tu na wakati mwingine hata hiyo haipo, ila naenda. Hii ni Jumatatu iliyopita.

Saa 11 alfajiri niko bandani, nimefagia, nimeweka maranda mapya, nimekagua kila mnyama macho, masikio, kucha na huku nyuma, maana sungura akiharisha haendi popote. Nilichukua sungura wawili, Pamba yule mweupe na Dagaa mdogo wa kijivu, pamoja na Kahawa, mbwa wangu jike wa miaka 6, wa kienyeji tu kama hawa mnaowaona mtaani, niliyemwokota Mwaloni, kule soko la samaki, akiwa anatoshea kwenye kofia. Kadi yake ya chanjo naiweka kwenye mfuko wa nailoni kifuani, hiyo ndiyo leseni yangu, bila hiyo siingii darasa la mtu.

Saa 1 kasoro toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) ikafika, tulishakubaliana jana kwenye simu elfu 8, jamaa kumwona Kahawa akazima pikipiki. Dada hukuniambia kuna mbwa. Kaka nilikwambia, mbwa mmoja na tenga moja. Mimi nilijua mbwa wa kwenye boksi. Tukabishana pale hadi majirani wakatoka na miswaki mdomoni, mwisho elfu 12, na mdogo wangu ndiye akae nyuma amshike Kahawa. Nikakubali kwa sababu jua likishapanda sungura ndio wanaoumia, hawatoki jasho kama sisi, joto lao linatokea masikioni, na mimi kwenye tenga huwa naweka chupa ya maji yaliyoganda nimeifunga kitambaa wailalie, sasa barafu haingoji mabishano.

Shule yenyewe iko juu mlimani upande wa Mabatini, yaani ile miamba mnayoiona mkiwa kwenye daladala, huko juu kuna nyumba, kuna vioski na kuna shule. Toyo haifiki. Tukapanda kwa miguu, tenga kichwani, na watoto wameshatuona kwa mbali wanakuja mbio. Njiani vijana wawili wanawarushia mawe mijusi, wale wa kichwa cha pinki na mwili wa bluu wanaoota jua kwenye miamba. Nikasimama. Nikawaambia mjusi huyu jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, amebeba jina la mji wenu, mnampiga mawe mtu wa kwenu? Wakacheka ila wakaangusha mawe.

Saa 2 na nusu tukaanza. Darasa la 3, watoto 97 siku hiyo, dawati moja wanne mpaka watano. Kabla ya kufungua tenga huwa nakaa na mwalimu wa darasa kwanza: wenye pumu wakae dirishani, ambao dini yao inawazuia mate ya mbwa wajue mapema Kahawa hatawagusa, na hakuna wa kulazimishwa kushika. Sipendi mtoto ashike mnyama kwa kuogopa kuchekwa, mtoto wa hivyo akishtuka atamwangusha sungura, na sungura akianguka mgongo unavunjika kirahisi sana.

Watoto wetu sungura wanamjua wa kwenye hadithi, yule mjanja anayemzidi akili Fisi na Simba, kwa hiyo Pamba akitoka kwenye tenga wanasubiri afanye ujanja, yeye anachezesha pua tu. Hapo ndipo nawaambia kwamba Kiswahili kinawaita wote sungura lakini yule wa porini wa kwenye hadithi anazaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu anaweza kukimbia, huyu wa kufugwa anazaliwa uchi, kipofu, mama yake anamng'olea manyoya ya kifuani kwake amtandikie. Darasa likawa kimya. Kisha nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele, nikamshika mkono nikauweka kwenye ubavu wa Pamba, nyuma ya mguu wa mbele. Mkono ulikuwa una chaki. Akatoa macho, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "madam, anatetemeka ndani." Nikamwambia huo ni moyo wake, unaweza kupiga zaidi ya mara 180 kwa dakika, jihesabu wewe wako. Darasa zima likashika vifua. Watoto 97 wanahesabu mioyo yao kwa midomo bila sauti, hapo hata uchovu wa toyo ulinitoka.

Maswali yakaja mengi, mbona sikuleta kobe (kobe ni mnyamapori, kumfuga mpaka kibali), nyoka je, maana wamezoea kuwaona kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora. Nyoka sileti, wale wacheza ngoma wana ujuzi wao waliofundishwa, mimi sina.

Kahawa namwachaga mwisho. Watoto wa hapa wanaogopa mbwa si kwa sababu hawajamwona, wanamwona kila siku, jalalani, kwenye mabaki ya samaki, na salamu yao kwake ni jiwe, na salamu ya mbwa kwao ni meno. Kwa hiyo nafundisha kitu kimoja: mbwa usiyemjua akikujia usikimbie, usipige kelele, usimkazie macho, kuwa jiwe. Mikono chini, kimya, kama lile jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, mawimbi yanakuja yanaondoka lenyewe lipo palepale. Wanasimama wote kwenye mistari, nasema "jiwe!", halafu napita na Kahawa kwa kamba katikati yao taratibu. Anawanusa viatu, wengine hawana viatu anawanusa vidole, na wao wamefumba midomo hadi mashavu yamevimba.

Halafu nawapa stori ya Joseph Meister. Mwaka 1885 kule Alsace, ambako leo ni Ufaransa ila wakati huo kulikuwa chini ya Ujerumani, mtoto wa miaka 9, umri wao kabisa, alitafunwa na mbwa mwenye kichaa, mama yake akampeleka Paris kwa Louis Pasteur aliyekuwa anatengeneza chanjo ambayo mtoto huyo alikuwa mtu wa kwanza kujulikana kuponea kwayo. Nawaambia wazi bila kupamba: kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, lakini ukiosha kidonda mapema na ukachomwa sindano mapema unaishi, kama Joseph alivyoishi. Ukiumwa na mbwa hata kidogo, hata kama ulimchokoza wewe, sema nyumbani. Hutapigwa. Hilo la kutopigwa huwa namtazama mwalimu wakati nalisema.

Saa 3 na nusu ilitakiwa nimalize. Mwalimu mkuu akaja akaomba niingie na darasa la 4 kwa kuwa nimeshafika, nikakataa, na kukataa kwa mkubwa si rahisi. Kahawa alikuwa ameanza kupiga miayo na kulamba pua, watu wanadhani ni usingizi kumbe ni mbwa anasema amechoka na watu, na Pamba alikuwa amepiga mguu wa nyuma chini mara mbili, hiyo ni hofu. Nikamwambia mwalimu shikamoo zangu zote unazo lakini wanyama wamemaliza zamu. Akanuna kidogo. Bora anune.

Tunanawisha watoto mikono, huku mdogo wangu anafunga tenga, kuna kijana mmoja hatoki kwenye foleni. Ananawa, anarudi nyuma, ananawa tena. Mara ya tatu akasema, "madam, mimi sikuwa jiwe." Akapandisha suruali ya shule. Kwenye misuli ya mguu kuna matundu mawili na mchubuko mrefu, pembeni pamekauka rangi nyeusi, nikanusa mafuta ya taa. Mbwa gani? Hamjui. Lini? Jumamosi jioni, alikuwa anatoka kuchota maji, mbwa akatokea kwenye mawe akamuuma bila kubweka akaendelea na safari yake. Mbwa anayeuma bila kuchokozwa na kuondoka hivyo ndio ninayemwogopa kuliko wote. Nyumbani walijua? Dada yake ndiye aliyempaka mafuta ya taa, mama hajaambiwa.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Tukaleta ndoo za chooni, jagi moja na kipande cha sabuni ya mche. Kidonda cha mbwa kinaoshwa dakika 15, sabuni na maji yanayotiririka, na hata kama siku zimepita unaosha tu. Dakika 15 ukizisikia ni chache, ila mwagia mtu maji mguuni huku unatazama saa uone. Kijana amesimama mguu mmoja ameniegemea bega, mwalimu wa darasa anamimina, mimi napaka sabuni, povu linatoka la kijivu kisha linaanza kuwa jeupe, ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili, dakika ya 7 mwalimu akauliza bado? Bado. Wenzake wamekaa juu ya jiwe kimya, hakuna aliyecheka, na mmoja akaanza kuimba jedwali la 2 ili mwenzake asisikie maumivu, wakaitikia wote, walifika jedwali la 6 ndoo ya nne ikiwa inaishia.

Baada ya hapo sina tena saa za kuwapa. Mdogo wangu akaondoka na wanyama. Simu ya mama yake haipatikani, anauza dagaa Mwaloni, basi mimi, mwalimu na mtoto tukashuka mlima, daladala mpaka Kirumba, na mnaojua Mwaloni mnajua ni bahari ya watu, magunia, mikokoteni, kila mama kajifunga kanga na kila mama anaitwa mama fulani. Tulizunguka mpaka jua likawa kichwani. Tulipompata akadhani mtoto ameiba. Nikamsalimia, nikachuchumaa naye pembeni ya turubai la dagaa nikamweleza taratibu, akasema hata yeye aling'atwa utotoni na hakufa. Sikumbishia. Nikamwambia mama, wewe mbwa wako alikuwa mzima, huyu wa juzi hatumjui, na kwa kawaida ugonjwa unakaa wiki hadi miezi kabla ya kujionyesha, kwa hiyo tuna nafasi, tukiitumia leo. Akafunika dagaa, akamwachia jirani.

Zahanati ya kwanza wakasema chanjo imeisha. Wakatuandikia kikaratasi. Tukaenda hospitali, foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya malipo, na pale kwenye malipo mama akafungua fundo la kanga ikaonekana haitoshi, mwalimu akaongeza, nami nikaongeza ile hela ya toyo ya kesho. Kiatu changu kilishakata mkanda. Mgongo ulikuwa unawaka, sikuwa nimekula tangu chai ya alfajiri, na mtoto kalala mapajani kwa mama yake huku bado ana harufu ya sabuni ya mche. Nilijisikia kulia, si kwa huzuni, ni kuchoka tu, na kufikiria ni watoto wangapi wanapakwa mafuta ya taa halafu hakuna anayewauliza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Na mtu ananiuliza kwa nini nampeleka mbwa darasani.

Alipoitwa ndani aliniomba niingie naye. Nesi anavuta dawa, yeye anaangalia sindano, akaniuliza, "Kahawa naye kachomwa ngapi?" Nikamwambia moja kila mwaka, na huwa hapigi kelele, anatazama ukutani. Akageuka akatazama ukutani.

Nilimpigia afisa mifugo wa kata kumweleza habari za yule mbwa na mahali alipotokea. Nimefika Igoma giza limeshaingia, Dagaa amekula vizuri, Pamba bado alikuwa amejikunja kwenye kona nikamlowesha masikio kwa maji ya baridi, kidogo kidogo, nikakaa naye mpaka aliposogelea majani mwenyewe. Wateja wawili wa jioni sikuwaendea, mmoja ana mbuzi wa kuzaa, nitampitia alfajiri.

Kwenye saa 3 usiku mama yake akapiga, anauliza kama mtoto anaweza kulala na wadogo zake kitanda kimoja. Nikamwambia alale nao tu, mama. Sindano ya pili ni Alhamisi, ya tatu Jumatatu inayofuata. Alhamisi nawapitia Mwaloni saa 2 asubuhi kabla hajaanza kupanga dagaa, nimeshamwambia mdogo wangu siku hiyo hatuendi shule yoyote.