Gari linachemka foleni tu

Wenye magari ya mkononi mtanielewa. Kigari changu kilikuwa kinatoka Kibaha hadi Chalinze mshale wa joto umetulia, ila nikiingia foleni ya Mbezi na AC imewashwa, unapanda. Fundi wa kwanza hakuuliza hata linachemka saa ngapi. "Gasketi imeungua, tushushe hedi." Gharama ya kushusha hedi, kile kichwa cha injini kinachokalia hiyo gasketi, mnaijua.

Nikampelekea mzee mmoja asiye na haraka. Injini ikiwa baridi alifungua mfuniko wa rejeta, akawasha, akatazama maji: hakuna mapovu. Akachomoa kijiti cha oili, haina rangi ya chai ya maziwa. Yaani hakuna dalili ya gasketi kuungua. Akaniambia, gari likipoa kwenye mwendo na kuchemka likisimama, anza na feni, maana ukikimbia upepo ndio unaofanya kazi yake. Tukawasha AC, feni kimya. Akaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikavuma. Basi feni ni nzima. Akachomoa rilei ya honi, kile kiswichi kidogo cha umeme, inafanana na ya feni, akaipachika pale. Feni hiyo, inazunguka!

Rilei tu, jamani. Kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Tukakuta pia mwenye gari wa zamani alishang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, tabia yetu ileile ya "huku ni joto, haina kazi". Ina kazi. Nimerudisha, na maji ya bomba nimemwaga nikaweka kuluenti, kimiminika maalumu cha kupozea injini.

Yule wa gasketi jana kanipigia: "Bosi, hedi tunashusha lini?"